Papa Lambert, Miaka Makumi Mbili Chini ya Mulingoti

Kalemie, tarehe 27 Juni 1983

Papa Edmond, wewe mwenye kupiga mashine ya gazeti letu la kazi, pokea salamu.

Nakusalimia wewe kwanza, pamoja na mugongo wako. Nasikia umeanza tena kukuuma kwa sababu ya kile kiti cha biro yako ya kazi. Usikae mukao mumoja tangu asubuhi. Namusalimia Mama Florentine, muke wako, na hali yake ile ambayo sikuitaja mbele za watu, lakini tumeiona sote. Asibebe maji ya kutoka mbali. Namusalimia Denise, niliambiwa alipita darasa, Mungu asifiwe. Namusalimia mudogo wake aliyeungua mukono na chai. Mumupake asali, musimupake dawa ya meno, haiponyi, inanukia tu. Namusalimia Koko Odile, mama yako muzazi. Mumuambie majani aliyonitumia yamefika, yanakauka. Kama nimesahau mutu nyumbani mwako, naye nimemusalimia, asikasirike.

Huku kwangu tuko wazima, isipokuwa roho yangu. Papa Urbain, bwana yangu, yuko safarini na treni ya mizigo upande wa Kabalo. Alisema siku nne, leo ni ya sita. Émérence anakohoa kidogo, namuangalia.

Uliniomba niandike wasifu wa Papa Lambert wa kusomwa Jumamosi, kwa kuwa mimi njo nilikaa naye sana kazini. Ulisema: «Mama Domitille, ukurasa mumoja, na uwe wa kuchekesha.» Nimeandika. Umezidi ukurasa mumoja, na kuna mahali hauchekeshi. Nakuomba usipunguze kitu, na mbele ya kuupiga mashine umuonyeshe Komanda wetu wa kikosi. Sababu utaiona ukifika huko chini.

Jumamosi hii, tarehe 2 Julai, Papa Lambert atapumuzika baada ya miaka makumi mbili kamili katika Kikosi cha Heshima, kile kinacholinda bendera mbele ya nyumba ya serikali huko mulimani. Kwenye karatasi za kazi anaitwa Citoyen Ilunga Kisimba, sajini. Kambini hakuna anayemuita hivyo. Kwetu ni Papa Lambert, na hapa nitamuita Papa Lambert. Jina la ubatizo serikali imelikataza; mwenye kukataza anikataze mimi.

Alizaliwa Ankoro, kwa watu wa mitumbwi. Alikuja hapa mwaka 1963, wakati muji ungali unaitwa Albertville na ulikuwa na serikali yake ya jimbo. Serikali ile mupya ilitaka walinzi wa kupokea wageni mbele ya mulango wake, watu warefu, wenye kepi na glavu nyeupe. Walitafuta watu makumi mbili na wanne. Sajini mumoja muzee, wa jeshi la Wabelgiji, alichora mustari wa chaki kwenye mulango wa depo, stoo ya vifaa vya kikosi, na kila kijana alisimama pale. Kichwa kikifika mustari, ameingia. Kisipofika, arudi kwa mama yake. Papa Lambert alipungua vidole viwili. Alitoka inje, akajaza karatasi za gazeti ndani ya viatu, akarudi, akafika mustari. Kisha ikanyesha. Waliposimamishwa mara ya pili gazeti lilikuwa limegeuka uji, naye alikuwa amerudia urefu aliopewa na Mungu. Sajini akamuangalia toka kichwani hadi miguuni, akasema: «Wewe, wengine mvua inawaotesha, wewe inakupunguza?» Kila mutu alicheka isipokuwa yeye. Nyigu alikuwa amekaa juu ya shavu lake, na hakuwa amepepesa hata jicho. Walimuchukua kwa sababu ya nyigu yule.

Watu wanafikiri kazi ya kikosi ni kusimama tu. Asubuhi saa moja kamili filimbi inalia, na sehemu yote ya huku juu inasimama: mwenye baiskeli anashuka, mama mwenye beseni kichwani anashika beseni, hata wanaogombana wanaweka ugomvi pembeni, wataushika tena bendera ikifika juu. Mutu wa kamba anapandisha polepole, sawasawa na wimbo, asiutangulie wala asibaki nyuma. Jioni saa kumi na mbili anaishusha, wawili wanaikunja, inalala ndani ya sanduku la depo. Mugeni mukubwa akija na mashua kutoka Kigoma, kikosi kinashuka bandarini. Akija na treni, kinashuka gare. Mukubwa akikufa, njo wao wanaobeba sanduku, kwa hatua ile ya polepole yenye kuumiza magoti kuliko kukimbia.

Hata kusimama kwenyewe kuna ufundi. Papa Lambert aliwafundisha vijana kuchezesha vidole vya miguu ndani ya viatu, kimoja kimoja, sawa mutu anayehesabu rozari, damu isilale. Mwenye hakumusikia alianguka juani kama gunia. Mimi niliwaambia vilevile wale uji mbele ya kutoka, lakini mimi hawakunisikiliza.

Bendera nayo ina miiko. Isiguse udongo. Ikianza kupanda, isirudi chini mbele ya kufika juu. Na isilale inje ya depo, hata siku moja. Kwa kufundisha miiko hiyo Papa Lambert alitumia shuka ya kitanda, kwa maana bendera ya kweli haichezewi. Mama Générose, muke wake, alitafuta shuka ile nyumba nzima, akawasuta majirani, na kumbe iko juu ya mulingoti inapepea.

Mambo ya vita vya 1964 sitaandika. Hii ni karatasi ya sherehe.

Mimi niliingia kikosini mwaka 1968 kwa kufua na kupiga pasi. Jimbo letu lilikuwa limekwisha kuunganishwa na lingine, wakubwa walikuwa wamehama, na walinzi walibaki kumi na wawili. Walibaki na nini? Na mulingoti, na bendera, na mugeni mumoja mumoja. Wengine walianza kuvaa vifungo ovyo. Papa Lambert alivaa sawa vile jimbo lingali hapa. Glavu nilizifua na sabuni, nikazitia maji ya muhogo zikauke ngumu, nikazianika juu ya vijiti, na yeye kila asubuhi alizikagua akisema: «Mama, leo hizi zinaweza kusimama zenyewe, sisi tubaki nyumbani.» Akiona macho yangu mekundu hakuuliza kitu. Alisema tu pasi ya leo inaonekana nzito, afazali nikae kidogo. Hapo nilijua nina ruhusa ya kulia.

Mama Mwanvua wa bandarini, muuza ndagala, vile visamaki vya ziwa, atakuja Jumamosi, kwa hiyo lake nitalisema akiwapo. Ni mwaka 1971. Mugeni alitazamiwa saa tatu, mashua ikafika saa tisa. Walinzi wamesimama tu, jua linawapiga. Mama Mwanvua alichoka kuwaangalia. Akachukua beseni yake ya ndagala, akaiweka mbele ya viatu vya Papa Lambert, akasema: «Papa, si unalinda bure? Linda na hii, mimi nakwenda kula.» Mulinzi akiwa kazini hasemi. Paka akaja. Paka alimutazama Papa Lambert, Papa Lambert alimutazama paka, kisha paka akaelewa kwamba mutu huyu ni wa mbao. Mama Mwanvua aliporudi alipiga kelele bandari nzima: «Jamani, mushuhudie! Bunduki anayo, macho anayo, na paka anakula!» Jioni, mugeni amekwisha kupita na kikosi kimefunguliwa, njo akamujibu: «Mama, ungechomeka bendera ndani ya beseni, paka yule ningemupiga risasi.» Tangu siku ile Mama Mwanvua hakumuuzia tena ndagala. Alimupa tu.

Walinzi makumi tatu na mumoja wamepita mikononi mwake, watatu wamechukuliwa Lubumbashi. Mwaka 1979 tufani ya ziwa ilinasisha kamba kule juu, bendera ikabaki inapigwa, inakaribia kupasuka. Vijana walikuwa wanaangaliana. Yeye alivua viatu akapanda, mutu wa miaka yake, mulingoti unapinda sawa fimbo ya kuvulia. Mimi nilifunika macho, kisha nikafungua, kisha nikafunika. Alishuka na bendera imezungushwa shingoni isiguse udongo. Aliniuliza kwa nini nalia na aliyelowa ni yeye.

Nimesimama mara tatu mbele ya kuandika maneno yanayofuata. Nimekwenda kuangalia sufuria, na hakuna kitu ndani ya sufuria. Afazali niandike.

Kikosi kina desturi tangu enzi za Albertville. Mulinzi akimaliza miaka yake, jioni ya mwisho yeye mwenyewe njo anashusha bendera. Wenzake wanapanga mistari miwili, wanamupa heshima ya bunduki sawa vile wanavyomupa mugeni mukubwa, naye anapita katikati na kutoka kwa mulango mukubwa wa mbele, ambapo jamaa yake inamungojea. Lakini mwenye kuandikwa kosa la bendera ndani ya dosie yake, faili ya kazi, hapewi hayo. Anarudisha nguo depo, anatoka kwa mulango wa jikoni, na maneno yamekwisha.

Papa Lambert ana kosa la bendera ndani ya dosie yake, la Novemba 1974. Mupango wa sherehe niliuona juu ya meza yako, Papa Edmond: soda depo, hotuba fupi, picha. Kwenye kamba ya bendera ameandikwa Amisi, mupiga tarumbeta wetu. Papa Lambert ameandikwa mulango wa jikoni.

Kosa lile Kalemie nzima inalijua. Ilikuwa siku kuu ya 24 Novemba, ya kukumbuka Rais alivyoshika serikali. Mukubwa mumoja ametoka Lubumbashi, wanafunzi wamepangwa, mulima umejaa watu. Bendera mupya, pana kuliko ya zamani, imetumwa kwa ajili ya siku hiyo. Papa Lambert yuko kwenye kamba. Akapandisha. Ilipofika urefu wa watu wawili, upepo wa ziwa uliifungua, na watu wakaona ule mukono wenye mwenge, uliochorwa katikati ya bendera, umegeuka: kiwiko juu, moto chini, kama mutu anayezima moto kwenye udongo. Bendera kichwa chini, mbele ya mukubwa, na mwaka ule! Wenye kukumbuka miaka ile munajua watu walifungwa kwa kidogo kuliko hicho.

Alikuwa na njia mbili, na zote mbili mbaya. Aipandishe vile, moto ukae chini siku nzima. Ao airudishe, na mwiko hautaki irudi. Alisimamisha kamba. Kisha akairudisha, bila haraka, mukono kwa mukono, haikugusa udongo. Akafungua vitanzi, akaigeuza, akafunga, akaanza upya. Amisi alikuwa anafika mwisho wa wimbo. Alipoona bendera iko chini hakuvuta hata pumuzi, akaanza wimbo tena toka mwanzo, mishipa imesimama shingoni. Bendera na wimbo vilifika juu pamoja. Hakuna aliyepiga makofi.

Walimukamata palepale. Siku tatu walimuuliza nani alimutuma, nani aliikunja. Jibu lake lilikuwa moja: «Hakuna aliyenituma. Mimi njo niliikunja. Kichwa kilichoka.» Alikaa kasho, ndani ya jela, siku makumi nne. Alitoka na ndevu, cheo cha adjida alichokuwa anangojea kimefutwa, dosie imeandikwa. Miaka miwili hakugusa kamba. Alifagia chini ya mulingoti, na alifagia vizuri. Muji ukamupa jina, Papa Kichwa-Chini. Watoto wake waliitwa hivyo shuleni. Mama Générose mwenyewe akikasirika alimuambia mbele ya watu: «Mutu asiyejua juu na chini ya kitambaa, atajuaje chumvi imekwisha nyumbani?» Naye alicheka, akaenda kununua chumvi.

Sasa musikie. Papa Lambert hakuikunja bendera ile. Niliikunja mimi.

Tarehe 23 jioni walikuwa wanafanya mazoezi, mvua ikawakuta, bendera mupya ikalowa yote. Bendera iliyolowa haifunguki, inajisokota kwenye mulingoti. Ilitakiwa mimi nibaki depo niikaushe na pasi ya makaa. Lakini Émérence alikuwa na miaka miwili na surua mwili muzima, bwana yangu yuko Kabalo sawa leo, na mutoto nilikuwa nimemuacha kwa jirani tangu saa sita. Mimi njo nilimuomba Papa Lambert niibebe nyumbani. Aliikamua kona moja ya bendera. Kisha akasema: «Miiko hii ilitungwa na watu ambao hawakuwa na mutoto wa surua siku ile. Beba. Saa kumi na mbili asubuhi iwe imerudi.»

Niliibeba ndani ya beseni, imefunikwa na kitenge. Niliipiga pasi juu ya kitanda, mutoto analia pembeni, na nikaikunja peke yangu. Kukunja kwa kikosi hiki kuna namna yake: kitanzi cha juu njo kinaachwa inje. Hivi mutu wa kamba hana haja ya kufungua na kuangalia. Anashika kitanzi cha inje, anakifunga juu, basi. Nilikuwa nimewaona wakifanya hivyo kila jioni kwa miaka sita. Lakini mutoto alitapika katikati ya kukunja. Niliacha, nikamushika, nikamusafisha, nikarudi, nikaanza tena kwa upande mwingine. Kitanzi cha chini njo kilibaki inje. Asubuhi niliiweka mikononi mwake. Aliniuliza: «Mutoto?» Nikasema amelala. Hakuuliza la bendera, kwa sababu aliniamini.

Siku kuu nilikuwa nimesimama na akina mama. Nilipoona moto uko chini nilijua, mimi wa kwanza katika muji wote. Walipomupitisha karibu yetu wamemushika, aliniangalia na kutikisa kichwa mara moja tu, kidogo, vile anavyowakataza vijana kusema wakiwa kazini.

Nilimupelekea chakula kasho. Nikamuambia nakwenda kusema. Akanijibu: «Useme nini? Kwamba bendera ya serikali ililala juu ya kitanda chako? Mimi watanifunga kwa uzembe, wewe watakufunga kwa siasa. Na surua haingojei mutu. Lete ugali.» Nikaleta ugali. Surua ikapita, Émérence akapona, na mimi nikanyamaza mwaka wa kwanza kwa woga wa serikali, na miaka iliyofuata kwa haya. Nilisikia watoto wakiimba Kichwa-Chini njiani, nikapita na kichwa changu juu. Kila nilipoanza maneno haya naye, alinikata: «Mama Domitille, jambo lile limekauka sawa ndagala, usilirudishe ndani ya maji.» Mwezi huu nimejaribu tena, akakasirika kweli. Kwa hiyo mujue hakuniomba niandike. Akisikia, ataninunia hadi Ankoro.

Amisi alinikuta asubuhi ile njiani na beseni, akaona kona ya kijani ya bendera. Alinyamaza kwa kuwa Papa Lambert alimuambia anyamaze. Mumuulize.

Komanda, wewe umekuja kwetu mwaka jana tu, dosie hii uliikuta imekauka wino. Naomba kosa la kukunja liondolewe kwenye jina lake, liandikwe kwenye langu, na Jumamosi saa kumi na mbili apewe kamba. Utaniambia yeye njo aliruhusu bendera itoke depo. Ni kweli, sitadanganya. Kama hilo nalo ni kosa, liandikwe kwa maneno yake yenyewe, kwamba alimuachilia mama mwenye mutoto mugonjwa. Kisha atafutwe mutu wa kulisoma kwa sauti mbele ya kikosi na kusema ni aibu.

Yatakayonipata nimeyafikiri. Émérence anaingia darasa la sita mwezi wa Septemba, minerval, feza ya shule, inanitazama, na nyumba tunayokaa ni ya kambi. Bwana yangu hajui. Kama karatasi hii itafika mbele yake, namuomba radhi hapa hapa. Kama ni kuniondoa, muniondoe. Nimekwisha kumuonyesha Alphonsine, muke wa Amisi, vile maji ya muhogo yanavyochujwa, kikosi kisije kikapokea wageni na mikono michafu. Na wewe Mama Générose, dada yangu, ambaye ulimucheka bwana yako mbele yangu na mimi nikacheka pamoja nawe: kwako njo naogopa zaidi kuliko kwa Komanda. Uje unipige kama unataka. Nitakuwa nyumbani.

Papa Lambert, Jumatatu unapanda treni ya Kabalo, kisha maji hadi Ankoro. Asante kwa kuwasimamisha vijana wetu, na kwa kuwafundisha kusimama hata mugeni asipokuja. Asante kwa mutoto wangu, ambaye leo anakohoa kidogo lakini anakimbia. Huko kwenu ukae ukiegemea. Ulale saa ya filimbi. Nzi akikaa puani, umufukuze. Miaka makumi mbili hukumufukuza hata mumoja. Magoti yapone, samaki wakujue, wajukuu wakupande mugongoni, na mutu akikuita asikuite kwa jina lingine isipokuwa lako. Sisi tunaobaki tunakuombea uzee mutulivu.

Papa Edmond, nijibu haraka, usingoje gazeti litoke. Leo asubuhi Mama Générose amepita kwangu. Hajui bado kitu. Anataka kupeleka viti mapema kwa ajili ya watoto na wajukuu, wote kumi na wawili, wengine wanatoka Nyunzu, na ameniuliza wasimame mulango gani. Nimemuambia angoje kidogo. Mutume mutu kwangu mbele ya Ijumaa, hata na neno moja tu: mbele, ao jikoni.

Mimi Mama Domitille, mufuaji wa kikosi